Mzazi Anayeshirikishwa

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo ofisi nyingi huvitumia kana kwamba ni kimoja. Kushiriki ni kuingia mwenyewe na kutia mkono. Kushirikishwa ni kuingizwa na mtu mwingine, kwa wakati wake na kwa mlango anaoutaka yeye. Mtu anayeshiriki arusi amekaa kwenye kamati, amebishana kuhusu idadi ya sufuria. Anayeshirikishwa ameletewa kadi.

Tofauti hiyo nimeiona kwa miaka kadhaa nikiwa mkalimani baina ya walimu wa Kimarekani na wazazi wanaozungumza Kiswahili katika jimbo la Kentucky, ambako Wakongo wengi wamepokelewa kama wakimbizi. Kila msimu wa masomo unapoanza, shule zinazopata fedha za serikali kuu za kuwasaidia wanafunzi kimasomo hulazimika kuitisha mkutano wa wazazi. Mmoja wa mikutano hiyo sijausahau. Ilikuwa jioni, katika ukumbi wa chakula, kuna pizza iliyokwisha kupoa na picha za maandishi zinapita ukutani. Mama mmoja aliyetoka upande wa Uvira alikaa hadi mwisho, akatabasamu, akasaini karatasi tatu. Nje, tukingoja basi, nikamuuliza zile karatasi zilikuwa za nini. Akanijibu kwa Kiswahili cha kwao: «Balinipa makaratasi tatu, nikasinye. Ni ya masomo.»

Shule ilikuwa imepata ilichokihitaji. Mkaguzi akija, faili litamwonyesha kwamba mama yule ameshirikishwa.

Fedha zenyewe zina historia ndefu, na nusu ya historia hiyo haisimuliwi kwenye mikutano ya pizza. Tarehe 11 Aprili 1965, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Elimu ya Msingi na Sekondari nje ya shule ndogo ya mashambani huko Texas alikoanzia masomo, mwalimu wake wa kwanza, Kate Deadrich Loney, akiwa ameketi kando yake. Johnson mwenyewe aliwahi kuwa mwalimu wa watoto maskini wenye asili ya Meksiko katika mji wa Cotulla mwaka 1928. Sehemu ya kwanza ya sheria ile, ambayo mpaka leo kila mtu shuleni huiita Title I, ilitenga fedha za serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi wa familia maskini ili waongezewe msaada: mwalimu wa ziada wa kusoma, vikundi vidogo vya hesabu, masomo ya likizo. Mwaka wa kwanza zilikuwa takriban dola bilioni 1. Sasa ni zaidi ya bilioni 18 kwa mwaka, na hakuna programu ya serikali kuu ya Marekani inayopeleka fedha nyingi zaidi katika shule za msingi na sekondari.

Jambo moja huwachanganya wazazi, kwa hiyo niliseme mapema. Shule huingia katika mgao kwa sababu ya umaskini wa familia, lakini mtoto husaidiwa kwa sababu ya hali yake ya masomo. Shule ambayo angalau asilimia 40 ya wanafunzi wake wanatoka familia maskini inaweza kuzitumia fedha hizo kuinua shule nzima. Nyingine huchagua watoto walioachwa nyuma zaidi. Mtoto wa muuza duka anaweza kusaidiwa, na mtoto wa mama anayefagia hoteli anaweza asihitaji. Nimewahi kumwona baba akikataa katakata mwanawe kutolewa darasani kwenda kwenye kikundi cha kusoma, akidhani wanamwekea alama ya ufukara. Hakuna aliyekuwa amemweleza.

Nani basi aliyewaingiza wazazi katika sheria hii? Rasimu ya mwanzo haikuwajali sana. Robert Kennedy, akiwa seneta mpya wakati muswada unajadiliwa, ndiye aliyeshikilia kwamba shule zitoe tathmini ya matokeo. Hakuamini kwamba shule zilizowashindwa watoto maskini kwa miaka yote ile zingebadilika kwa sababu zimeongezewa pesa. Alitaka mzazi awe na kitu mkononi cha kuulizia.

Wasiwasi wake ulithibitika upesi. Mwaka 1969 wanasheria na watetezi wa haki za raia, Ruby Martin na Phyllis McClure wakiwa mbele, walitoa ripoti iliyoonyesha fedha za watoto maskini zikimwagwa katika matumizi ya kawaida ya shule, zikilipia mishahara na vifaa ambavyo vingenunuliwa hata zisingekuwapo, na wazazi wa watoto hao wakiwa hawajaulizwa lolote. Ripoti ile iliwasha moto. Kanuni za 1971 zikataka mabaraza ya wazazi katika ngazi ya wilaya za shule. Sheria ya 1974 ikayashusha hadi kila shule, ikisema wajumbe walio wengi wawe wazazi wa watoto wanaosaidiwa. Marekebisho ya 1978 yakaongeza uzito: uchaguzi, mafunzo kwa wajumbe, nakala za nyaraka.

Hapo ndipo ningependa msomaji atulie kidogo. Kwa miaka michache, mama anayefua nguo za watu katika mtaa wa Chicago au kijiji cha Mississippi alikuwa na kiti cha kisheria kwenye meza inayozungumzia fedha za serikali kuu. Sisemi mabaraza yote yalikuwa mazuri. Mengine yalijazwa na vipenzi vya mwalimu mkuu. Wajumbe wengine waliishia kuajiriwa na programu ileile kama wasaidizi wa darasani, na mtu aliyeajiriwa leo hamhoji mwajiri wake kesho. Lakini kiti kilikuwapo, na kiti kikiwapo, hata aliyekikalia vibaya anaweza kuondolewa akawekwa mwingine.

Mwaka 1981, katika utawala wa Ronald Reagan, sheria iliandikwa upya kwa hoja ya kupunguza urasimu wa serikali kuu. Sharti la mabaraza likafutwa. Kilichobaki ni wajibu wa shule kushauriana na wazazi, neno pana kama bahari. Ushiriki wa wazazi ulirudishwa kwa maneno mazito kidogo mwaka 1988. Kisha 1994 kikazaliwa chombo tunachokutana nacho leo, mapatano kati ya shule na mzazi, pamoja na asilimia 1 ya fedha kwa ajili ya shughuli za wazazi. Sheria ya 2001 iliyokuja na mitihani mingi ikavibeba vyote viwili, na ile aliyoitia sahihi Barack Obama Desemba 2015, ambayo ndiyo inayotumika sasa, ikabadili zaidi msamiati: badala ya «wazazi» ikaanza kusema «wazazi na familia», jambo zuri kwa watoto wanaolelewa na bibi au shangazi. Kiti hakikurudi.

Mapatano hayo yanastahili kusomwa kwa makini, maana ndiyo karatasi ya kwanza kati ya zile tatu. Sheria inasema shule iyaandike pamoja na wazazi, yakieleza nani atabeba nini ili mtoto afaulu: shule, mzazi na mtoto mwenyewe. Inasema mzazi apewe taarifa za mara kwa mara za maendeleo ya mwanawe, aweze kuwafikia walimu, aweze kujitolea darasani na kulitazama darasa likiendelea. Inasema katika shule za msingi mapatano yazungumzwe ana kwa ana angalau mara moja kwa mwaka. Ukitafuta mahali sheria inapodai sahihi ya mzazi, hupaoni. Kazi iliyoamriwa ni kuandika pamoja. Shule zimeigeuza kuwa kazi ya kusaini, kwa sababu sahihi huhesabika na mazungumzo hayahesabiki.

Ile asilimia 1 nayo tuipigie hesabu. Wilaya ya shule inayopata zaidi ya dola 500,000 za Title I lazima itenge angalau asilimia 1 kwa ajili ya wazazi, na asilimia 90 ya kiasi hicho iende shuleni. Chukua mfano wa wilaya inayopata dola milioni 10. Asilimia 1 ni dola 100,000, na zinazoshuka shuleni ni 90,000. Iwe na shule 30 zinazohusika, kila moja inapata 3,000. Shule ikiwa na watoto 400, ni dola saba na nusu kwa kila mtoto kwa mwaka mzima. Toa pizza. Toa karatasi na wino. Kinachobaki hakimlipi mkalimani kwa muda mrefu. Sheria ilisema angalau asilimia 1. Wilaya nyingi huisoma kana kwamba imesema isizidi. Tena sheria hiyohiyo inawapa wazazi haki ya kuhusishwa katika kuamua fedha hizo zitumikeje, na inaruhusu zilipie usafiri, kuangalia watoto wadogo wakati wa mikutano, hata walimu kuwatembelea wazazi nyumbani. Katika mikutano niliyokalimani, sijasikia mzazi akiulizwa swali hilo hata mara moja. Pizza huamuliwa mapema.

Wazazi wenzetu wa Kongo huja na uzoefu wa aina nyingine kabisa, na hapa wataalamu wa Kimarekani huwa hawaelewi wanayeongea naye. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Zaire iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi ndio waliobeba mishahara yao kwa malipo yaliyojulikana kama «prime». Kamati ya wazazi ilikuwa mahali pa kupanga kiasi. Hali hiyo iliendelea hadi Septemba 2019, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure. Tanzania nayo, ilipofuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, iliacha nyuma wazazi wengi waliojua kushiriki kwa maana ya tofali, dawati na mchango wa mlinzi. Kwa watu hawa, mzazi anayehusika ni mzazi anayetoa. Akiambiwa shule ya Kentucky haitaki hela yake, hitimisho lake lina mantiki: basi haimtaki na yeye.

Kuna uchungu ndani ya hilo. Baba aliyelipa prime alikuwa na ulimi. Angeweza kusimama kwenye kamati akauliza mbona mwalimu wa darasa la tano haonekani siku za soko. Sitamani mtu yeyote arudi kule, kwa kuwa mwanawe angefukuzwa Jumatatu asubuhi kwa kukosa malipo, na watoto wangapi hawakurudi tena. Ila nilichojifunza ni kwamba fedha inayopita juu ya kichwa cha mzazi, kutoka Washington hadi jimboni hadi wilayani hadi kwa mwalimu mkuu, huwafanya wote hao waangaliane wao kwa wao. Mwalimu mkuu hujibu kwa wilaya na wilaya kwa jimbo. Mzazi hayumo kwenye mnyororo wa kujibu. Yumo kwenye orodha ya mahudhurio. Mabaraza ya miaka ya sabini yalikuwa jaribio la kumtia katika mnyororo bila kumtoza hela.

Lugha huja juu ya hayo yote. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 inakataza ubaguzi wa asili ya taifa katika programu zinazolipiwa na serikali kuu, na Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya 1974 iliyohusu watoto wa Kichina wa San Francisco, ilikubali kwamba mtoto asiyeelewa lugha ya darasa hajapewa elimu sawa. Kutokana na mzizi huo, shule huwajibika kuwapa wazazi habari muhimu kwa lugha wanayoielewa. Mwaka 2000 Bill Clinton alitoa amri ya kuimarisha huduma kwa wasiojua Kiingereza vizuri. Machi 2025 Donald Trump akaifuta, akitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sheria ya 1964 ipo palepale. Title I nayo bado inadai taarifa zitolewe kwa lugha inayoeleweka, ila imeongeza «kadiri inavyowezekana», na katika maneno hayo shule nyingi zimejenga nyumba.

Mkalimani akikosekana, hukalimani mtoto. Siku moja niliitwa kurekebisha mazungumzo ya aina hiyo. Mwalimu alikuwa amesema, kwa namna ya kawaida kabisa ya walimu wa Kimarekani, kwamba msichana anasoma chini ya kiwango cha darasa lake. Mtoto akamweleza mamaye kuwa yuko chini ya darasa. Mama, aliyesomea shule ambamo watoto hurudia mwaka, akaelewa kwamba mwanawe amerudishwa nyuma. Usiku mzima alilia, akamkaripia, akamnyang'anya simu. Wala mtoto hakudanganya. Neno moja la kitaalamu lilipita mdomoni mwa mtoto wa miaka tisa, likatoka na adhabu.

Nao walimu hawakufundishwa kuzungumza na wazazi. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba sheria yenyewe inazitaka shule ziwaelimishe walimu wake, kwa msaada wa wazazi, juu ya thamani ya mchango wa wazazi na namna ya kufanya kazi nao kama watu sawa. Kwa msaada wa wazazi! Yaani kisheria mama wa Uvira ni mmoja wa wakufunzi wa mwalimu. Karen Mapp wa Chuo Kikuu cha Harvard alisaidia Wizara ya Elimu ya Marekani kutoa mwongozo mwaka 2013 wenye wazo hilohilo, kwamba uwezo unaokosekana uko pande zote mbili. Mjini Sacramento, tangu 1998, walimu wamekuwa wakienda majumbani kwa wazazi bila faili na bila lawama, wakianza na swali la matumaini ya familia juu ya mtoto. Yote haya yapo. Katika ratiba ya mwalimu mwenye watoto 28 na mtihani wa jimbo kila majira ya kuchipua, hayapati nafasi.

Najua swali la msomaji mwenye haraka: je, mzazi akiingia, mtoto anasoma vizuri zaidi? Inategemea anaingiaje. Ushahidi wa mikutano ya jioni ni hafifu, wala hilo halinishangazi. Ushahidi wa habari ndogo zenye matumizi una nguvu zaidi. Mtafiti Peter Bergman alionyesha huko Los Angeles kwamba wazazi wa kipato cha chini walipoarifiwa mara kwa mara ni kazi gani hasa watoto wao hawajazikabidhi, alama zilipanda. Wazazi walikuwa wakidhani mambo ni mazuri kuliko yalivyo. Yeye na mwenzake walijaribu tena West Virginia kwa ujumbe wa simu unaojituma wenyewe, na idadi ya masomo ambayo wanafunzi walifeli ikapungua kwa zaidi ya robo. Wazazi wale hawakuwa wamepewa semina ya malezi. Walipewa jina la somo, kazi isiyofanywa na tarehe. Lile aliloling'ang'ania Kennedy mwaka 1965, kumpa mzazi kitu mkononi, limekuja kutimia kwa ujumbe wa simu, japo hutumwa kwa Kiingereza mahali pengi.

Kwa hiyo ninapoulizwa na wazazi wafanye nini, siwaambii wahudhurie zaidi. Nawaambia wadai karatasi mbili ambazo hawajawahi kuonyeshwa. Moja ni mpango wa shule wa Title I, ule unaosema fedha hizo zinatumiwa kufanya nini. Ya pili ni maelezo ya sifa za mwalimu wa mtoto, kwani mzazi ana haki ya kuyaomba, na shule lazima imwarifu yenyewe mtoto akifundishwa wiki nne mfululizo na mtu asiyetimiza masharti ya leseni ya jimbo. Tena kuna jino moja lililobaki katika sheria hii iliyong'olewa meno. Wazazi wasiporidhika na mpango wa shule nzima, maoni yao lazima yaambatanishwe mpango huo unapopelekwa wilayani. Mwalimu mkuu hana hiari ya kuyaacha mezani. Haijasemwa popote kwamba yaandikwe kwa Kiingereza.

Yule mama wa Uvira alikuja mkutano uliofuata na daftari. Alikuwa na swali moja tu, amelifanyia mazoezi, akanitazama ili nilitafsiri bila kulipamba: tangu Agosti, mwanangu amekaa na yule mwalimu wa kusoma saa ngapi? Chumba kikawa kimya. Mratibu akasema ataangalia. Baada ya siku kumi na moja ikaja barua pepe yenye jedwali, na jumla yake ilikuwa saa nne. Ratiba waliyokuwa wamempa ilisema dakika thelathini, mara tatu kwa wiki, na sasa ilikuwa katikati ya Oktoba. Aliiweka barua pembeni ya ratiba, akahesabu kwa vidole, akaniomba nimwandikie swali la pili.